Je, Wanasayansi Wanasema Tumetokana na Nyani? Uadilifu Katika Kumkosoa Usiyekubaliana Naye

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake.

Ndugu zangu katika imani, kuna jambo linalotuudhi sana sisi wanafunzi Waislamu. Ni pale mtu asiyewahi kufungua hata juzuu moja anaposimama kutueleza dini yetu inasema nini. Mara tunaabudu jiwe jeusi lililoko Makka, mara jihadi maana yake ni kumuua kila asiye Muislamu. Jibu letu huwa moja: kabla hujatukosoa, jifunze kwanza tunachosema. Ni jibu la haki. Ninalouliza hapa ni kama sisi nasi tunawapa wengine haki hiyo, na mfano nitakaoutumia ni suala la mageuko ya viumbe.

Katika mihadhara na darsa zetu, nadharia hii hufupishwa kwa sentensi moja: Darwin alisema binadamu ametokana na nyani. Kisha huja swali linalouchekesha ukumbi mzima: basi mbona nyani wa leo hawageuki watu? Takbira inapigwa, mada inafungwa. Lakini ukumbini humo wamekaa pia ndugu zetu wanaosoma biolojia na udaktari, nao wanajua kwamba hakuna mwalimu wao aliyewafundisha hivyo.

Kinachosemwa hasa

Tuanze na Kiswahili chenyewe. Lugha yetu inamtofautisha nyani na tumbili, kima, ngedere na mbega, na hao wote inawatenga na sokwe. Nyani ana mkia, sokwe hana. Hapa Uganda sokwe wako katika misitu ya Kibale na Budongo, na ng'ambo ya mpaka, Kongo, kuna pia bonobo, ambao hawapatikani porini katika nchi nyingine yoyote. Wanabiolojia wanasema sokwe na bonobo wako karibu zaidi na binadamu kuliko walivyo karibu na nyani. Kwa hiyo sentensi yetu inakosea hata katika kumtaja mnyama.

Kosa kubwa zaidi ni neno "ametokana". Hawasemi kwamba binadamu ametokana na sokwe huyu tunayemwona leo. Wanasema binadamu na sokwe wana asili moja ya mbali, kiumbe aliyeishi takriban miaka milioni 6 au 7 iliyopita, ambaye hakuwa sokwe wala mtu. Mfano wake ni wewe na binamu yako. Babu yenu ni mmoja, lakini wewe hukuzaliwa na binamu yako, na kuwepo kwako hakumlazimu yeye kutoweka. Ndiyo maana swali la "mbona nyani wangalipo?" halimtikisi mwanabiolojia hata kidogo. Ni sawa na kumuuliza mtu: kama wewe na binamu yako mna babu mmoja, mbona binamu yako yupo?

Pia tunasema kwamba hiyo ni nadharia tu. Barazani neno nadharia huwa na maana ya dhana isiyo na ushahidi. Katika sayansi, nadharia ni maelezo yanayokusanya ushahidi mwingi chini ya kanuni moja. Kwamba maradhi huambukizwa na vijidudu nayo ni nadharia, na tunanawa mikono kwa sababu yake. Sisi tuliosoma elimu ya hadithi tunajua jinsi habari inavyopata nguvu inapopokewa kwa njia nyingi zisizotegemeana. Wanabiolojia nao hujenga hoja yao kwa namna inayofanana na hiyo. Njia moja ni mifupa ya kale, mingi yake ikiwa imepatikana katika ukanda wetu. Mwaka 1959 Mary Leakey alipata fuvu la Zinjanthropus huko Olduvai, Tanzania. Mwaka 1984 Kamoya Kimeu, mwana wa Kenya, aligundua mabaki ya kijana wa Turkana, ambayo yanakadiriwa kuwa na umri wa takriban miaka milioni 1.5. Njia nyingine ni DNA. Ramani ya DNA ya sokwe ilipochapishwa mwaka 2005, herufi zinazoweza kulinganishwa moja kwa moja zilitofautiana na zetu kwa asilimia 1.2 hivi. Aidha, sokwe ana kromosomu 48 na sisi tuna 46, na kromosomu yetu ya pili ina alama za kuwa mbili zilizoungana.

Mtu anaweza kuusoma ushahidi huu wote na bado akasema haujamtosheleza. Hiyo ni haki yake. Lakini hawezi kusema haupo.

Kuna pia wanaosema kwamba nadharia hii maana yake ni kuwa kila kitu kimetokea kwa bahati, hivyo hakuna Muumba. Wapo wakanamungu wanaoitumia hivyo, na wanastahili kujibiwa. Lakini hitimisho hilo ni la falsafa yao, halikutoka maabara. Tunajua mvua ina sababu zake, mvuke na mawingu na upepo, na bado tunasema Allah ndiye anayeiteremsha. Kueleza njia ambayo jambo linapitia hakumwondoi Mwenye kuliendesha.

Ngazi iliyomfikisha mtu kizimbani

Kosa moja linanigusa zaidi ya mengine, kwa sababu limemwaga machozi ya watu wa ukanda huu. Ni picha ya mageuko kama ngazi: chini sokwe, katikati Mwafrika, juu Mzungu. Mwaka 1906 kijana wa Kongo aitwaye Ota Benga aliwekwa katika nyumba ya nyani ya bustani ya wanyama ya Bronx, New York, pamoja na orangutani, na watu wakamiminika kumtazama. Wachungaji weusi wa mji ule walipinga mpaka akatolewa. Mwaka 1916 alijiua, akiwa bado Marekani.

Wapo watakaosema: unaona matunda ya nadharia hii! Ni kweli kwamba wengi walioipokea katika zama zile waliichanganya na ubaguzi, naye Darwin hakusalimika na mawazo ya zama zake. Lakini biolojia ya leo inazungumzia mti wenye matawi, ambao haumweki mtu yeyote juu ya mwenzake, na inasema watu wote wa leo ni spishi moja. Ubaguzi uliomfunga Ota Benga haukuhitaji Darwin, kwani biashara ya utumwa ilikuwapo karne nyingi kabla yake, na baadhi ya waliouza watu walikuwa wanaswali. Sisi tunaosema "binadamu", yaani mwana wa Adam, tumepewa heshima hiyo katika Sura ya al-Israa bila kubaguliwa rangi. Lililo wajibu wetu ni kuilinda heshima hiyo dhidi ya kila anayeivunja, awe ameshika kitabu cha sayansi au kitabu cha dini.

Njia ya Imamu Ghazali

Imamu al-Ghazali (Allah amrehemu) alipotaka kuwajibu wanafalsafa, hakuanza na kicheko. Anaeleza katika al-Munqidh kwamba alisoma elimu yao kwa muda usiofika miaka miwili, akatafakari karibu mwaka mwingine, kwa sababu aliona huwezi kubainisha ubovu wa elimu usiyoijua kama wanavyoijua wenyewe. Aliandika Maqasid al-Falasifa kueleza wanachosema, kisha Tahafut al-Falasifa kuwajibu. Na katika utangulizi wa Tahafut alionya kuhusu mtu anayedhani anaitetea dini kwa kukanusha maelezo ya wanafalaki juu ya kupatwa kwa jua. Kwa mtazamo wake, mtu huyo anaidhuru dini kuliko adui anayeishambulia, kwani mwenye kuijua hesabu ile hatatilia shaka hesabu, ataitilia shaka dini.

Hofu yangu iko hapo hapo. Ndugu yetu wa mwaka wa kwanza akisikia tumekosea kueleza jambo analoliona kila siku kwa darubini, kwa nini atuamini tunapomweleza kaburi, Sirati na Pepo, ambavyo hajaviona?

Sisemi kwamba hakuna hitilafu. Ipo, na tuiweke mahali pake. Wanavyuoni wengi wanashika dhahiri ya maandiko kwamba Nabii Adam (a.s.) aliumbwa bila baba wala mama, nami ndivyo ninavyoamini. Wanajenetiki, kwa makadirio yao, wanasema ukoo wetu haukuanza na watu wawili tu. Hilo ni swali la kweli, na wanazuoni wamelishughulikia kwa utulivu. Mwishoni mwa karne ya 19 Sheikh Husayn al-Jisr wa Tripoli ya Sham alishikilia dhahiri ya maandiko, huku akikubali kwamba kama dalili ya yakini ingepatikana, maandiko yangeweza kufahamika kwa namna inayoafikiana nayo. Wapo leo wanaokubali mageuko kwa viumbe wengine na kumtoa Adam peke yake, kwa kuwa muujiza hauachi alama maabara. Wapo wanaokataa yote, na wapo wanaonyamaza. Katika njia zote hizo hakuna inayohitaji kumsingizia mtu maneno asiyoyasema.

Sura ya al-Maida imetukataza chuki dhidi ya watu isituondoe kwenye uadilifu. Na Sura ya al-Mutaffifin inawakemea wanaojipimia kamili na kuwapunja wengine. Tumezoea kuisoma kwa ajili ya mizani za sokoni, lakini hoja nazo zina mizani.

Basi napendekeza hivi: muhula ujao, darsa ya mada hii isifanywe na sisi wa masomo ya Kiislamu peke yetu. Akae mbele ndugu au dada wa biolojia, aeleze nusu saa wanachosema, bila kukatizwa. Kisha sisi tujibu. Tukishindwa kuyarudia maneno yake kwa namna atakayokubali kwamba ndiyo aliyosema, tujue kwamba bado hatujafika mahali pa kumjibu.

Wallahu a'lam.