Zamu na Hiari

Katika shule za bweni za Kikatoliki nchini Kenya, muhula hutawaliwa na kengele: Misa, masomo, ufagio, chakula. Husemwa kwamba mwanafunzi apakuaye chakula kwa sababu jina lake limo katika orodha ya zamu hastahili sifa ya wema, ametii tu. Neno hili lina nguvu, lakini halijaitazama sufuria vema.

Mtakatifu Benedikto, aliyeandika Kanuni yake huko Italia katika karne ya 6, aliwaamuru watawa wahudumiane jikoni kwa zamu za juma. Hakungoja wapende. Lakini aliagiza wahudumu wapewe mkate na kinywaji kabla ya chakula, wasije wakanung'unika. Nadhani alijua kuwa amri huishika mikono, haiushiki moyo.

Zamu humfikisha mwanafunzi penye githeri, akashika upawa. Maharagwe yamelala chini, mahindi yako juu. Mbele yake yupo rafiki yake. Nyuma ya rafiki, mwanafunzi mgeni asiyejulikana na mtu. Hakuna kengele iliyoamuru upawa uzame kiasi gani. Hapo anaweza kudhulumu au kutenda haki, wala hangalipata nafasi hiyo kama zamu isingalimpeleka.