Jembe la Mgeni Alipaye

Msafiri atokaye Babati kwenda pwani huondoka stendi kabla ya alfajiri, Mlima Kwaraa ungali giza tupu juu ya mji. Hupita Minjingu na Makuyuni, akafika Arusha baada ya kilomita zipatazo 170, akapanda ndege pale Kisongo, akavuka bahari hata Unguja, kisha akachukuliwa kwa gari mpaka Paje au Jambiani, ambako usiku umekwisha kuingia, naye hupokewa kwa kitambaa cha baridi cha kujifutia vumbi na bilauri ya maji ya dafu, akaonyeshwa kitanda kipana chenye chandarua cheupe. Raha hiyo ameilipia. Je, baada ya kulipa, yuko huru na kila wajibu wa ugeni?

Dini hazikumnyima msafiri raha. Qur'ani imemruhusu kula mchana wa Ramadhani na kulipa siku nyingine, na imemtaja aliyekatikiwa na njia miongoni mwa mafungu manane yanayostahiki zaka. Na Wakristo, ambao hapa Babati huishi mlango kwa mlango na Waislamu, husoma katika kitabu cha Mwanzo jinsi Ibrahimu alivyowakimbilia wageni watatu asiowajua, akawaandalia ndama, kisa ambacho Qur'ani nayo imekisimulia. Basi kitanda laini kwa mwili uliochoka si dhambi, wala sitamlaumu yeyote kwa kukilalia.

Lakini ugeni una mpaka wake. Mtume amefundisha kwamba takrima ya mgeni ni siku tatu, na izidiyo hapo ni sadaka. Na wahenga wetu wakasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, methali ambayo Mwalimu Nyerere aliishika mwaka 1962 alipoandika juu ya Ujamaa, akionyesha kwamba katika jamii zetu za asili kila mtu alikuwa mfanyakazi. Mgeni aliyekaa kwa mkulima pembezoni mwa Babati, akaitwa shambani kupalilia mahindi na mbaazi, hajavunjiwa heshima. Bali amehesabiwa kuwa mtu wa nyumbani.

Katika hoteli ya kifahari siku ya tatu hufika, ikapita, na jembe halionekani. Atakuja mtu aseme, na hoja yake ni nzito, kwamba fedha ndiyo jembe la mgeni huyo, maana ni jasho lake la miezi mingi, na mishahara ya wapishi, watandikaji na walinzi hutoka humo. Nakubali. Walakini jembe lilikuwa na kazi mbili: lilisaidia kuilisha nyumba, na lilimweka mgeni bega kwa bega na mwenyeji, akaona jinsi chakula alichopewa kilivyopatikana. Fedha huitimiza ile ya kwanza. Ya pili haiwezi, na aghalabu huizuia, kwa kuwa alipaye hudhani hana tena haja ya kujua.

Asubuhi yake, maji ya bamvua yanapokupwa, mbele ya hoteli hizo hizo hushuka wanawake wa kijiji kushughulikia mwani, zao lililoletwa huko kwa biashara mwishoni mwa miaka ya 1980. Huinama majini, kanga zimefungwa kiunoni, wakifunga kichipukizi baada ya kichipukizi kwenye kamba iliyowambwa baina ya vijiti viwili, nao sharti wamalize kabla maji hayajajaa. Mgeni aliyeko barazani huwaona kuwa sehemu ya mandhari, kama minazi na ngalawa; na hapo ndipo ilipo hatari ya anasa kwa roho ya mja, kwamba humzoeza kumtazama binadamu mwenziwe pasipo kumwona.

Kwa hiyo nasema kwamba malipo humaliza deni la chumba, lakini deni la ugeni hubaki. Jembe la mgeni alipaye ni kutoa salamu kabla ya kuagiza, kujua jina la anayemtandikia, kuuliza ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, kustahi mavazi na ibada za kijiji, na kutotumia maji kwa israfu mahali ambapo jirani huyateka kwa ndoo. Ni jembe jepesi kuliko lile la shambani, na kwa sababu hakuna atakayemkabidhi, ni wajibu wake kulichukua mwenyewe.