Kamba ya mithali: kusadikisha ao kunyamazisha?

Kwa Warega wa Shabunda, Mwenga na Pangi kuna kamba inaitwa mutanga. Wanafungia juu yake vitu vidogo vidogo: unyoya, ganda la konokono, kipande cha kibuyu. Kila kitu kiko na mithali yake. Muzee akiisema barzani, haiko tena yeye anabisha, ni wakubwa wa zamani. Mwenye kosa anarudi nyuma bila haya, ju hakuna mutu alimutaja. Ile ni hekima kweli.

Lakini mwenye haki asiyejua mithali, atajibu na nini? Ananyamaza, na sisi tunasema amesadiki. Niliona vile katika mambo ya shamba: mujane mumoja alinyamaza, barza likafungwa na vicheko, shamba likaenda.