Nyundo Juu ya Jeneza



Juma lililopita tulimzika mzee mmoja wa Kilosa. Juu ya jeneza wanawe walikuwa wameweka vitu viwili: Biblia yake iliyochakaa na nyundo ya mpini mrefu. Biblia hakuna aliyeiulizia. Nyundo ndiyo iliyowafanya wajukuu wavute kanga za mama zao na kunong'ona, "Ya nini ile?"

Ilikuwa nyundo ya kazi. Mzee huyu alikuwa fundi wa njia katika Reli ya Kati, ile iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914. Aliajiriwa angali kijana, enzi ambazo reli za Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa chini ya shirika moja. Shirika hilo lilipogawanyika mwaka 1977, yeye alibaki palepale, kwenye kipande chake cha njia kando ya Mto Mkondoa. Wenyeji wanaujua mto huo: ukifurika husomba tuta na kokoto, kama ulivyofanya mwanzoni mwa mwaka 2010 njia ikakatika. Wakati huo alikuwa amekwisha kustaafu, lakini majirani wanasema kila mvua kubwa iliponyesha usiku, taa yake iliwaka.

Nilipokuwa mchungaji mgeni katika usharika wake nilimwomba anieleze kazi yake. Alisema kila asubuhi alitembea juu ya mataruma, akigonga na kusikiliza. "Palipokaza hulia kama kengele, Mchungaji. Palipolegea hulia kama sufuria iliyopasuka." Akisikia mlio wa namna ya pili alipiga goti, akatoa spana, akakaza nati. Kisha akaendelea.

Nikamwuliza, "Hizo nati hulegezwa na nani? Wezi?"

Akatabasamu. "Wezi wapo, ila si wao hasa. Nati hulegezwa na treni yenyewe. Kila inapopita salama, inatikisa. Nilikaza jana, leo nakaza tena."

Tangu siku ya mazishi maneno hayo hayajaniacha. Upendo ukilegea nyumbani, sisi hutafuta haraka mwizi: nani amekosa, nani amebadilika, nani ameingilia kati. Na kweli, pengine yupo. Lakini mara nyingi ni uzito wa maisha uliopita juu yetu. Karo ya shule. Mgonjwa anayehitaji kugeuzwa usiku. Jibu fupi lililotoka kwa uchovu. Wale tunaowabeba ndio wanaotutikisa, na hawatutikisi kwa ubaya. Wanatutikisa kwa sababu tunawabeba. Je, mpendwa, umewahi kujiona umelegea hivyo ukadhani upendo wako umekwisha, kumbe ulihitaji kukazwa tu?

Jioni baada ya mazishi tuliketi na mjane wake. Alitusimulia jambo ambalo hata wanawe hawakulijua. Kila usiku, kabla ya kuzima taa, mumewe alimwuliza, "Mke wangu, kuna nililokukosea leo?" Si kwamba jibu lilikuwa zuri siku zote. "Siku nyingine nilimwambia lipo, tena kwa ukali," alisema mama huyo. "Alisikiliza mpaka nimalize. Akasema, nisamehe. Hapo ndipo taa ilipozimwa."

Kugonga, kusikiliza, kupiga goti. Ile kazi aliyoifanya njiani mchana, usiku aliifanya nyumbani.

Mwanawe mkubwa naye akaongeza lake. Alipokuwa darasa la nne, kioo cha kandili ya kazi kilivunjika, na baba akamwadhibu bila kumsikiliza. Kesho yake akiwa kazini, baba aligundua kwamba kioo kile alikivunja mwenyewe, kwa spana iliyokuwa ndani ya mfuko wake. Hakungoja jioni. Muda wa mapumziko alitembea hadi shuleni na nguo zake za kazi, akamwita mtoto chini ya mwembe, akachuchumaa mpaka macho yao yakalingana. "Mwanangu, nilikuonea. Nisamehe." Mtoto yule leo ni babu. Akitusimulia, sauti ilimkatika. Alisema, "Fimbo nimeisahau. Kuchuchumaa kwake sijakusahau."

Katika Injili ya Mathayo, sura ya 18, Petro anamwendea Bwana akitaka kujua mwisho wa kusamehe ni wapi, apewe hesabu. Bwana anampa hesabu kubwa hata mtu hawezi kuikumbuka akiwa na hasira. Zamani nililiona jibu hilo kama mzigo. Sasa naliona kama kipande cha njia ambacho fundi amekabidhiwa. Hakuna asubuhi aliyofika mwisho wa kipande chake akasema, "Sasa basi, reli imekaza milele." Alijua kesho treni itapita, na alifurahi kwamba itapita.

Maelfu ya abiria walipita Kilosa usiku wakiwa wamelala kwenye mabehewa, watoto wao mapajani. Hawakumjua, wala hawakuwa na sababu ya kumjua. Usingizi wao ndio ulikuwa ushahidi wa kazi yake. Hata nyumbani, watoto wanaolala bila hofu hawajui ni mara ngapi wazazi wao wameombana radhi taa ikiwa bado inawaka. Je, si Mungu pia hututunza hivyo, nasi tumelala?

Labda kwako kuna mlio wa sufuria iliyopasuka ambao umeusikia siku nyingi ukaupita. Huenda ni mume, dada, au mtoto aliyekua akahama bila kusikia neno ulilopaswa kumwambia. Sikuombi urekebishe njia nzima juma hili. Mzee wetu hakufanya hivyo hata siku moja; alikaza nati iliyokuwa mbele yake. Leo usiku, kabla hujazima taa, muulize mmoja tu: "Kuna nililokukosea?" Kisha nyamaza, umsikilize mpaka amalize.