Ughali wa Risasi na Mkono wa Mlengaji

Kiswahili kina neno moja, risasi, kwa vitu viwili: madini mazito ya kijivu yanayochimbwa ardhini, na kitu kile kitokacho katika mdomo wa bunduki kwenda kutoa uhai. Soko nalo huvifunga pamoja vitu hivyo, kwa kuwa bei ya madini ikipanda, bei ya mauti hupanda nayo. Katika miaka ya karibuni bei hiyo imepanda sana, na manung'uniko ya watu wapigao bunduki kwa kujifurahisha yamesikika katika nchi nyingi. Ndani ya manung'uniko hayo mna swali la maadili ambalo lastahili kutazamwa kwa utulivu: je, ughali wa risasi humfanya mtu awe mwema zaidi kwa kiumbe anachokilenga?

Sababu za ughali huo zaeleweka. Risasi moja ni mkutano wa vitu vinne: ganda la shaba, baruti, fataki iiwashayo baruti hiyo, na kichwa cha madini. Kila kimoja kina soko lake na mashaka yake. Mwaka wa 2021 bei ya shaba ilipita dola 10,000 kwa tani, na mwaka wa 2024 ikapita tena. Antimoni, ambayo huchanganywa na risasi ili kuitia ugumu, iliwekewa masharti ya kuuzwa nje na Uchina mwezi wa Septemba 2024. Baruti isiyo na moshi hutokana na nyuzi za pamba au za miti zilizotiwa asidi, na tangu vita vya Ukraine vilipopanuka mwaka wa 2022, viwanda vya Ulaya vimezigombea nyuzi hizo kwa ajili ya mizinga. Kabla ya hayo, mwaka wa 2020, wakati wa maradhi ya korona, Wamarekani wengi walinunua bunduki kwa mara ya kwanza, na rafu za maduka zikabaki tupu. Basi mtu alengaye shabaha ya karatasi siku ya mapumziko hulipa sehemu ya gharama ya vita asivyovipigana.

Yuko atakayesema kwamba hali hii ina heri ndani yake. Hoja yake ni nyepesi kuielewa. Kitu rahisi hutapanywa. Kitu ghali hutunzwa. Mwenye risasi mia hufyatua kwa kila kinachotikisika majanini. Mwenye risasi tatu hungoja, hutazama, hupima upepo, na pengine hushusha bunduki akarudi nyumbani. Kwa hoja hiyo, soko limefanya kazi ambayo wahubiri na walimu wameshindwa kuifanya: limeuzuia mkono. Hoja hii haistahili kudharauliwa, lakini yafaa ipimwe mahali ambapo bunduki, sheria na mnyama vimekutana kwa muda mrefu.

Mahali pamoja pa namna hiyo ni Ngorongoro. Barabara itokayo Arusha hupita katika mji wa Karatu, katikati ya mashamba ya mahindi, ngano na maharage, kisha hupanda hadi lango la Lodoare na kuingia msituni. Juu ya ukingo mtu huona kasoko lenye kina cha mita zipatazo 600, na sakafu yake ina kilomita za mraba zipatazo 260. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ndugu wawili Wajerumani, Adolf na Friedrich Wilhelm Siedentopf, walikuwa na mashamba na mifugo humo ndani. Baada ya vita ardhi hiyo iliingia mikononi mwa Sir Charles Ross, Mskochi aliyebuni bunduki iliyoitwa kwa jina lake. Bunduki ya Ross ilisifiwa sana katika viwanja vya shabaha kwa kulenga kwake sawasawa. Lakini katika mahandaki yenye matope ilikwama mikononi mwa askari wa Kanada, na mwaka wa 1916 jeshi lao likaiacha. Mwaka wa 1921 sheria ya wanyama wa pori iliwataka wawindaji wa Tanganyika wawe na kibali. Mwaka wa 1928 uwindaji ulipigwa marufuku ndani ya kasoko lote, isipokuwa katika ardhi ile iliyokuwa ya akina Siedentopf.

Neno hilo "isipokuwa" lina mafunzo mengi kuliko sheria yenyewe. Mtu mwenye mali ya kumiliki shamba ndani ya kasoko hakuzuiliwa na bei ya risasi, na sheria nayo ilipojenga ukuta iliacha mlango wenye kimo chake. Kilichowakinga wanyama wa Ngorongoro baadaye hakikuwa ughali wa kitu chochote. Ilikuwa ni amri. Eneo la Hifadhi lilipoanzishwa mwaka wa 1959, likitengwa na Serengeti, mlango ule haukubaki. Kadhalika Tanzania nzima ilipofunga uwindaji kuanzia mwaka wa 1973 hadi 1978, aliyekuwa na risasi nyingi na aliyekuwa na moja walisimama mahali pamoja. Amri humwambia kila mtu neno lile lile. Bei husema na kila mtu kwa kadiri ya mfuko wake.

Na atazamwe mgeni aendaye leo kuwinda kwa kibali katika Pori la Akiba la Maswa, lipakanalo na hifadhi hizo. Amelipa nauli ya ndege, amelipa mwenye kitalu, amemlipa mwindaji mtaalamu wa kumwongoza, na atalipa ada kwa kila mnyama kulingana na aina yake. Katika hesabu hiyo risasi ni kama chumvi katika karamu. Ikipanda bei maradufu, karamu haitavunjika. Basi ughali haumgusi yule mwenye uwezo wa kuua mnyama mkubwa. Humgusa mtu wa kipato cha kadiri, na mtu huyo, bei ipandapo, mara nyingi haanzi kwa kuacha kuwinda. Huanza kwa kuacha kujizoeza.

Hapo ndipo hoja ya heri ya ughali inapoanguka. Kulenga ni ujuzi wa mkono, na ujuzi wa mkono hudumu kwa kurudiwarudiwa. Mtu aliyezoea kupiga risasi hamsini katika karatasi kabla ya msimu sasa hupiga kumi, au tano, au haipigi hata moja, kwa kuwa ataka kuziweka akiba kwa ajili ya mawindo. Karatasi imeokoka, lakini karatasi haikuwa na haja ya kuokolewa. Siku ya mawindo huja na mkono uliopoa. Mnyama hupigwa tumboni mahali pa moyo, hukimbia na jeraha lake, na hufa usiku mbali na macho ya mtu. Fedha iliyopunguzwa kiwanjani imelipwa porini, na aliyeilipa ni yule asiye na mfuko. Ughali umezuia mkono usijifunze, kisha ukauachia upige. Kosa la bei ni kwamba haijui tofauti baina ya karatasi na ngozi: hutoza sawa risasi isiyomdhuru yeyote na ile itoayo roho.

Mpango ulio bora wajulikana si mbali na hapo. Kusini-magharibi ya Ngorongoro, kando ya Ziwa Eyasi, wanaishi Wahadzabe, ambao baadhi yao wamo katika wilaya ya Karatu upande wa Mang'ola. Mvulana wa Kihadzabe hupewa upinde angali mdogo sana, na hupitisha siku zake akilenga ndege na wanyama wadogo kwa mishale ya mti mtupu. Mishale hiyo haimgharimu fedha. Iliyokosa hutafutwa majanini ikatumika tena. Mshale wa mnyama mkubwa ni jambo jingine. Chuma chake, ambacho siku hizi aghalabu ni msumari, hupondwa hadi kiwe na makali. Sumu yake huchemshwa kutokana na utomvu wa mmea, na mnyama akishachomwa hufuatwa kwa saa nyingi juani. Kwa watu hawa kujizoeza ni rahisi na kuua ni ghali. Na ughali wenyewe ni wa jasho la mtu mwenyewe, hata kila mshale anaouachia anaujua kwa mikono yake. Soko la dunia limeugeuza mpango huo juu chini: limefanya kujizoeza kuwe ghali, na kuua kukabaki rahisi kwa mwenye nacho.

Haifai kuwatukuza Wahadzabe kupita kiasi. Huwinda ili wale, na njaa haifanyi falsafa. Tena mawindo yao yamepungua kwa kuwa mifugo na mashamba, hata mashamba mashuhuri ya vitunguu ya Mang'ola, yameingia mahali palipokuwa na wanyama. Na baadhi yao sasa hulipwa na watalii watokao Karatu alfajiri kuja kutazama uwindaji. Mfano wao wafaa kwa jambo moja tu: waonyesha kwamba gharama yaweza kumfundisha mtu pale tu inapoangukia tendo lenyewe na kumwangukia mtendaji mwenyewe.

Sheria za uwindaji wa kitalii zimelitambua jambo hilo kwa sehemu. Mnyama aliyejeruhiwa akapotea huhesabiwa kuwa ameuawa, na ada yake hulipwa. Kanuni hiyo ina insafu kuliko bei yoyote ya risasi, maana huacha karatasi na kushika ngozi. Lakini hata yenyewe ina mpaka, na mpaka huo waonekana katika mashamba ya Karatu.

Vijiji vilivyo chini ya msitu wa Ngorongoro hutembelewa na tembo na nyati usiku. Mkulima hapigi bunduki. Hupiga makopo, huwasha moto, hupaza sauti, na asubuhi huhesabu mashina yaliyovunjika. Kanuni za mwaka wa 2011 zimemwekea malipo, na malipo hayo yamepewa majina ya kweli kabisa: kifuta jasho kwa mazao, kifuta machozi kwa mtu aliyeumia au aliyekufa. Aliyeyachagua maneno hayo hakudai kwamba fedha hulipa. Alikiri kwamba hufuta tu. Jasho lilikwisha kutoka, na machozi yalikwisha kumwagika.

Unyenyekevu huo haumo katika lugha ya mwindaji. Yeye akisha kulipa ada, hujiona amemaliza deni, na mnyama ni wake kama kanzu iliyonunuliwa dukani. Haikanushiki kwamba fedha yake yaweza kuwa na faida: hulipa askari wa wanyama pori, na huenda ikajenga darasa. Lakini faida ya malipo haibadilishi tabia ya kitu kilicholipiwa. Ikiwa shilingi haziwezi kumrudishia mkulima usiku wake mmoja wa kazi, dola haziwezi kuwa kipimo kamili cha uhai. Ada ya mwindaji nayo ni kifuta tu.

Basi wanaonung'unikia bei ya risasi wana haki ya kunung'unika kama wanunuzi wengine wote, na mlenga karatasi ana haki kuliko wote, kwa kuwa hadhuru kitu. Lakini asiwepo atakayetumaini kwamba shaba na antimoni zitamfundisha mwanadamu huruma. Bei ikishuka kesho, mkono uliozuiwa na bei utarudi pale ulipokuwa jana. Mkono uliojizuia wenyewe hautahitaji kuuliza bei.