Jicho kwa Shilingi Elfu Saba

Mwishoni mwa Julai 2023, foleni ndefu ilijipanga nje ya jumba la mikutano la KICC, Nairobi. Hapakuwa na mkutano wa siasa wala unga wa msaada. Watu walisubiri zamu ya kukodolea macho tufe linalong'aa, karibu ukubwa wa mpira wa miguu. Mboni ikishapigwa picha, mtu aliahidiwa sarafu za kidijitali zenye thamani ya shilingi 7,000 hivi.

Waanzilishi wa mradi huo, Worldcoin, akiwemo Sam Altman, walisema wanataka kumtofautisha binadamu na roboti. Waliopanga foleni walizungumzia ukosefu wa kazi.

Hapo ndipo penye kutiliwa shaka. Ridhaa ya mwenye njaa ni ridhaa ya namna gani? Nenosiri likiibwa, mtu hubadilisha. Mboni haibadilishwi.

Serikali ilisimamisha shughuli hiyo tarehe 2 Agosti 2023. Mei 2025, Mahakama Kuu ikaamuru data zilizokusanywa zifutwe ndani ya siku 7, chini ya jicho la Kamishna wa Data, kwa kuwa ridhaa ilivutwa kwa malipo na tathmini ya athari haikufanywa inavyotakiwa.

Lakini Sheria ya Ulinzi wa Data ilikuwepo tangu 2019. Foleni ilipoanza, sheria hiyo ilikuwa na umri wa karibu miaka 4, na jumba la KICC liko hatua chache tu kutoka Bungeni ilikopitishwa.