Barua Isiyo na Wino

Ngerengere ni mji mdogo wa reli na mkonge, mashariki ya milima ya Uluguru. Tumfikirie binti mmoja wa hapo, asiyeona, aliyepanda treni kwenda kusoma bwenini katika Shule ya Wasioona ya Buigiri, mkoani Dodoma, iliyoanzishwa mwaka 1950. Siku moja barua yake yafika nyumbani. Ni karatasi nene isiyo na hata tone la wino. Ina vinundu tu. Nani atamsomea mama yake?

Swali hili laonekana dogo, lakini ndani yake mna swali la maadili: wajibu wa mzazi hukoma wapi? Wako wasemao kwamba mzazi akisha kumpeleka mwanawe shuleni amemaliza kazi yake. Maandishi ya nukta nundu ni ya walimu walioyasomea. Hoja hii ina uzito, kwani mkulima hurejea jioni amechoka, na vifaa ni adimu. Hata hivyo, sisi hatuikubali.

Yafaa kwanza tuyajue maandishi yenyewe. Yalibuniwa na Mfaransa Louis Braille, aliyezaliwa mwaka 1809. Akiwa mtoto mdogo alijijeruhi jicho kwa chombo cha kazi katika karakana ya baba yake, hatimaye akawa haoni kabisa. Kufikia mwaka 1824, akiwa na umri wa miaka 15, alikuwa amekwisha kuunda mfumo wake. Kila herufi hupangwa katika nafasi ya nukta sita, safu mbili za nukta tatu tatu. A ni nukta moja, ya juu kushoto. B ni hiyo pamoja na ile iliyo chini yake. Basi neno "baba" lina nukta sita tu, na "mama" lina nane. Tena mzazi anayeona hahitaji kuvifunza vidole vyake. Aweza kuyasoma kwa macho. Ugumu uko zaidi katika kuandika kwa kibao na kalamu ya ncha, maana mwandishi huanza kulia kwenda kushoto, ili karatasi ikigeuzwa isomeke kutoka kushoto.

Wala si jambo geni kwa mtu mzima wa nchi hii kurudi darasani. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na akina mama na akina baba wakashika kalamu kwa mikono iliyozoea jembe. Faida moja ya elimu ile ilikuwa mtu kujisomea barua yake, siri za nyumba yake zisipitie kinywani mwa jirani.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yetu. Mtoto ajuaye kwamba barua yake itasomwa kwanza na mtu mwingine, huandika salamu tu. Hofu yake, maradhi yake, pengine uonevu anaotendewa, huyabakiza moyoni. Mama asiyeweza kuisoma barua ile hupata habari za mwanawe, lakini hampati mwanawe. Wengine watasema kwamba siku hizi simu husoma kwa sauti. Hiyo ni neema. Lakini mwanafunzi asikilizaye tu hajui neno linavyoandikwa.

Kwa desturi ya Waluguru, mtoto huhesabiwa katika ukoo wa mama yake, na mjomba ana neno kubwa katika malezi. Desturi hiyo itufae: mama akielemewa, mjomba naye ajifunze. Na likizo ifikapo, binti mwenyewe awe mwalimu wao. Atawasahihisha, nao watakosea mbele yake. Labda kwa mara ya kwanza wataacha kumwonea huruma, watamheshimu kwa alijualo.

Ndugu walimu, mzazi wa mtoto asiyeona afikapo shuleni, msimwonyeshe bweni na jiko peke yake. Mketisheni walau saa moja, mumfundishe kuandika jina la mwanawe. Arudi Ngerengere na karatasi hiyo mfukoni, na barua ijayo aifungue mwenyewe.